Maswali ya kemia: chumvi, birika na moli iliyopotea

*Ticha anasema sodiamu ikigusa maji inawaka na klorini ni sumu, mbona chumvi tunakula? (Temeke)*

Kwa sababu kwenye chumvi hamna sodiamu ile wala klorini ile. Sodiamu ina elektroni moja ya nje inayoisumbua, klorini imepungukiwa moja, basi moja ikitoa nyingine ikapokea zote zinatulia, huku chaji chanya huku hasi, ndo ioni hizo. Tabia yake nyingine kabisa.

*Nimechanganya Jik na dawa ya choo yenye asidi, nimekohoa mpaka machozi. (Tabata)*

Hiyo sasa ndo klorini yenyewe, gesi. Toka nje, acha milango wazi, kifua kikiendelea kubana wahi hospitali. Usirudie.

*Maji ya kisima chetu yanakula sabuni, na birika limejaa ukoko mweupe. (Mbagala)*

Pole, nimewahi kupanga nyumba ya hivyo, mashati meupe yote yakawa rangi ya jivu. Maji yakipita kwenye mawe kama haya ya matumbawe ya pwani yetu yanabeba kalsiamu, ioni yenye chaji mbili chanya, na magnesiamu pia, ss ukitia sabuni badala ya povu inanasana na hizo ioni inakuwa ule utando unaoganda pembeni ya beseni, yani robo mche inaliwa na kalsiamu ndo uanze kufua. Tia magadi kidogo kwenye ndoo, koroga, acha yatulie, kaboneti iliyomo kwenye magadi inaidaka kalsiamu inashuka chini kama unga, we chota ya juu. Ya kufulia tu lakini! Ukoko wa birika ni hiyohiyo kalsiamu kaboneti, kamulia ndimu mbili au tia siki, utasikia chiii, kaboni dayoksaidi inatoka. Ila kama maji ya kisima yana ladha ya chumvi, hiyo haiondoki hivyo, sodiamu magadi hayaidaki.

*Gramu 8.4 za sodiamu bikaboneti zikichomwa zinatoa gesi lita ngapi? Nimepata 2.24, nimekoseshwa. (Fomu 3, Kinondoni)*

Moli (kipimo cha wingi wa kemikali) umepata sawa, 8.4 gawa kwa 84, gramu za moli moja, ni 0.1, af ukakimbilia kuzidisha na 22.4, lita za moli moja ya gesi, bila kuangalia mlinganyo: 2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂. Mbili zinatoa gesi moja, kwahiyo CO₂ ni moli 0.05, mara 22.4 unapata lita 1.12, kwenye joto na kanieneo sanifu. Ile namba 2 ya mbele ndo imekula maksi zako.