Meza ya Wasomaji: «Papa, nimpeleke wapi kula Lubumbashi?»

SWALI: Papa, salamu. Shemeji yangu anatoka Kinshasa wiki ijayo. Tangu nimjue anasema Lubumbashi kuna shaba tu, chakula hakuna. Mume wangu anataka tumpeleke kwenye restora ya hoteli kubwa mjini, yenye vitambaa vyeupe mezani. Mimi nilifikiria malewa, vile vibanda vya chakula, vya mtaa wa Kenya hapahapa Lubumbashi, ila naona haya. Tufanye nini? (Mama wa Golf)

JIBU: Mama, mume wako hajakosea, na wewe usione haya. Mimi si katika wale wanaosema kwamba chakula kizuri kiko mtaani peke yake. Mjini kuna wapishi wa kweli. Wagiriki na Waitalia waliokaa hapa tangu enzi mji huu ulipoitwa Elisabethville wametuachia watu wanaojua kuchoma samaki na kupika tambi, na meza zao ninaziheshimu.

Kinachoniuma kwenye restora nyingi kubwa ni kwamba orodha ya vyakula haibadiliki, iwe Januari au Julai. Sasa mvua zimeanza. Kando ya barabara zinazotoka mjini kina mama wamepanga uyoga, pamoja na ule wa kichuguu ambao mchwa wenyewe ndio wanaulima chini ya ardhi, na kofia yake inaweza kukaribia mita moja. Halafu unakaa mjini, unalipa dola, unaletewa uyoga wa kopo! Msitu wa miombo uko mlangoni na mpishi hajautazama.

Kwa hiyo mkifika popote, msifungue orodha. Mwulizeni mhudumu: leo kumefika nini? Akienda jikoni na kurudi na jibu, kaeni. Akiwasukumia tu karatasi, kunyweni maji yenu mwondoke. Mwulizeni hata mama wa malewa, kwa maana wako wanaopasha sombe (majani ya muhogo) ya juzi na kuongeza mafuta juu ili ing'ae.

Kwenye samaki nitakaa kidogo, kwa sababu nimeendesha lori la samaki njia ya Kasenga, mji ulio kando ya mto Luapula, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Samaki wa Luapula na wa ziwa Moero wamelisha mji huu tangu zamani. Wagiriki walifungua biashara pale Kasenga, wakawa na mashua na barafu, wakapeleka samaki hadi kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi. Samaki mkubwa wa wakati ule alikuwa mpumbu. Majira ya kutaga yalipofika alipanda mto kwa makundi, na nyavu zilikuwa zinamngoja njiani. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 alikuwa amekwisha karibu wote. Wazee walionifundisha kazi walimtaja kama mtu anavyomtaja ndugu aliyezikwa.

Leo tafuteni makobo, au yule samaki mpana ambaye jina lake kwetu ni «pale». Mwagizeni mzima, na kichwa chake. Jicho liwe limejaa, na kabla hajachomwa ombeni kuona matamvua: mekundu, siyo ya kahawia. Mhudumu akikunja uso, basi mmeshajua. Thomson naye si wa kudharauliwa, anatoka baharini, mwingi upande wa Namibia, anafika hapa akiwa barafu, na akikaangwa vizuri na kitunguu nyumba nzima inanukia. Ila msilipe bei ya samaki wa Luapula kwa thomson, na msikubali kipande kisicho na ngozi wala jina.

Halafu bukari, yaani ugali wetu. Shemeji yako amezoea fufu yenye muhogo mwingi, laini, inayovutika. Yetu ni ya mahindi meupe, wengine wanachanganya muhogo kidogo. Unga wa mahindi ulikuwa posho ya wafanyakazi wa migodi, na hadi leo mwingi unapita mpakani Kasumbalesa kutoka Zambia. Atasema ni ngumu. Atakuwa na haki ikiwa ataletewa ile ambayo hoteli nyingi zinaleta, iliyofungwa kwenye plastiki tangu asubuhi na kuwekwa kwenye sanduku la joto, inatoa jasho chini na juu imeshika ganda. Bukari husongwa mtu akiwa amekaa. Wakiwaambia mngoje dakika ishirini, ngojeni kwa furaha.

Ushauri wangu: mchana mpelekeni Kenya. Ufike mapema, kabla ya saa sita, maana saa nane sufuria nzuri zimekwisha na kinachobaki ni mchuzi bila kitu. Kinshasa kwao watu wa ofisi wenye tai wanakula malewa kila siku, hatashangaa. Jioni mume wako awapeleke kwenye vitambaa vyake vyeupe, mpate kinywaji baridi na mazungumzo. Kila mmoja atakuwa amepata yake, na shemeji atakuwa ameshiba.

SWALI: Papa, mimi na rafiki zangu Ijumaa tunashuka mjini. Bia ya Simba ileile tunayokunywa mtaani kwetu Kamalondo, kwenye terasi ya mjini bei inapanda mara mbili na zaidi. Huo si wizi? (Kijana wa Kamalondo)

JIBU: Mwanangu, si wizi, mradi bei imeandikwa mahali unapoiona kabla hujakaa. Pale unalipia jenereta umeme ukikatika, mlinzi wa gari, kiti na taa. Bia imetoka kiwanda kilekile cha hapa Lubumbashi. Angalia kitu kingine: bei ikiwa kwa dola na wewe una franga, uliza wanahesabu kwa kiwango gani kabla chupa haijafunguliwa. Hapo ndipo pesa za vijana zinapotea.

Lakini mimi sikimbii bei, nakimbia sahani. Kwenye nganda (baa ya mtaani) nzuri ya Kamalondo mwenye baa anauza bia, na mlangoni kuna mtu wa michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, na mbabula yake, jiko la makaa. Hawaingiliani kazini. Unachagua kipande cha mbuzi kikiwa kibichi, unaona makaa, unaona chumvi inaingia lini, kinaletwa na kitunguu na pilipili juu ya karatasi. Terasi za mjini zinakataza nyama ya nje, kisha zinakuletea mishikaki iliyolala kwenye friji. Ningekuwa na sauti kwa wenye terasi hizo ningewaomba wampe mchoma mbuzi kona yenye kivuli. Wangeuza bia zaidi, na watu wangekula kwa heshima.

Na yule anayeshika ufunguo wa gari anywe munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ule wa leo. Uji wa mahindi unatiwa mizizi iliyopondwa, mizizi inageuza wanga kuwa sukari, unapata utamu ambao hakuna mtu aliyeutia. Uliza umetengenezwa lini: wa leo ni wa mtoto, ukilala siku kadhaa unachachuka na kuanza kulevya. Sijawahi kuuona kwenye orodha ya baa ya mjini, na hilo linanisikitisha kabisa.

SWALI: Mkwe wangu ni Mwislamu. Nikimwekea kikanda nitakuwa nimemkosea? Watu wanasema ni soseji. (Mama wa Ruashi)

JIBU: Hapana, Mama. Kinakatwa kama soseji, lakini ndani hakuna nyama. Ni viazi vya maua ya porini, jamii ya okidi, vinasagwa na kupikwa na karanga, pilipili na magadi mpaka vigande. Ombi langu ni ununue kidogo. Kiazi kikichimbwa mmea umekufa, mabonde ya karibu yamechimbwa sana, na wauzaji wanakwenda mbali zaidi kukitafuta. Okidi zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini, kwa hiyo kuvivusha mpaka kunadai kibali. Mkatie vipande vyembamba, na umwambie mapema kwamba pilipili imo ndani.