Pasipoti imebakiza miezi minne: usikate tiketi kwanza

Umeuliza kama pasipoti iliyobakiza miezi minne inatosha kwa safari ya wiki mbili nje. Ndugu yangu, ishughulikie hiyo kabla ya tiketi. Nchi nyingi hudai iwe hai angalau miezi 6 tangu siku ya kuingia, na mara nyingi anayekuzuia si ofisa uhamiaji wa huko. Ni mhudumu wa shirika la ndege pale kaunta, kwa sababu shirika likikubeba bila nyaraka kamili hupigwa faini na kukurudisha kwa gharama yake. Hakikisha pia una kurasa tupu.

Viza omba kwenye tovuti rasmi ya serikali tu. Za matapeli hufanana nayo hadi nembo. Ikidaiwa kadi ya homa ya manjano, chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, maana cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya chanjo.

Ukishagongewa muhuri wa kuingia, usibanduke dirishani kabla hujasoma tarehe uliyoandikiwa. Viza ya siku 90 si lazima ikupe siku 90 za kukaa.

Na mzigo wa mtu usimbebee, hata akiwa bibi kizee anayetia huruma.