Jibu: Fundi kanitajia milioni 3.5, ni bei halali?

Mkuu, hiyo milioni 3.5 ya kuweka vigae sebule na vyumba viwili pamoja na kuziba nyufa hapo Nkuhungu, Dodoma, hakuna atakayejua kama ni halali, maana fundi kakutajia jumla tupu. Mrudie akutenganishie vifaa na ufundi.

Halafu pima mwenyewe. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 kinafunika mita za mraba 0.16, kwa hiyo unahitaji vigae 75. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unafika 83. Akikuandikia 120, muulize vingine vinaenda kulala wapi. Bei za dukani kaulizie bila yeye. Ufundi linganisha na mafundi wengine wawili, kazi ileile, vipimo vilevile.

Mimi kinachonitia shaka ni hizo nyufa. Sehemu kadhaa za Dodoma zina udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa kiangazi, kwa hiyo ukuta unachezeshwa kutoka chini. Fundi anayeandika "kuziba nyufa" bila kuuliza kama zinapanuka, wala maji ya paa yanamwagikia wapi, hata akikufanyia kwa laki moja bado ni ghali. Mvua za Desemba zikianza, plasta itapasuka palepale.

Pesa toa kwa hatua, na bakiza kiasi mpaka uvigonge vigae vyote usikie kama kuna kinacholia uwazi chini.