Nyundo ya gobore inayopiga pembeni

Shikamoo mzee wangu wa Sengerema. Unasema nyundo ya gobore lako lenye kibali inagonga ukingo wa chuchu, kile kijibomba kinachovalishwa fataki; fataki mara inalipuka, mara inagoma.

Kwanza tumbukiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mtutuni, tia alama, kisha ulaze kwa nje ulinganishe urefu. Mdeki usipofika chini ya mtutu, kuna kitu ndani. Simama hapo hapo.

Likiwa tupu, paka chuchu masizi ya kibatari, shusha nyundo polepole kwa dole gumba, usiiachie. Duara la masizi likikaa upande mmoja ndani ya kikombe cha nyundo, umeshaona kasoro. Kikombe hicho ndicho kinachozuia vipande vya fataki visiruke machoni, ndiyo maana silichukulii jambo hili kirahisi.

Kaza skrubu ya nyundo na zinazoshika mtambo wa nyundo kwenye mti wa bunduki. Mara nyingi inaishia hapo. Bado? Tazama chuchu kama imepinda au imechakaa. Ni rahisi kubadili.

Kupinda nyundo mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni, Mwanza mjini. Aichomoe kwanza kabla ya kuipasha moto, maana moto ukifika kwenye springi unaiua. Wahunzi wa mwaloni waachie nanga.