Kinyonga wa pembe tatu na baridi ya Kabale: nimwekee taa usiku?

Swali: Daktari habari za kazi. Niko Kabale huku Uganda, nalea kinyonga dume wa pembe tatu, mkubwa tu, anakaa kwenye kizimba cha wavu sebuleni karibu na dirisha. Huku miezi hii ya sita na saba baridi ya usiku haisemeki, nikamnunulia ile taa nyekundu ya vifaranga ya wati 250, inawaka mpaka asubuhi. Umeme ukikatika naweka sigiri karibu naye. Lakini nikiamka nakuta amekuwa mweusi, panzi hataki, na mchana anafumba macho. Niongeze taa ya pili?

Jibu: Hapana ndugu yangu, usiongeze, na hiyo moja yenyewe izime leo. Sigiri ndo itoe kabisa, tena kabla hujaendelea kusoma, manake makaa yakiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa yanatoa ile hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala haionekani, watu wanalala nayo na hawaamki. Hapo siongelei kinyonga tena, naongelea wewe na watoto.

Sasa tuje kwa mnyama wako. Kwa jinsi ulivyoeleza, dume wa pembe tatu kutoka pande hizo, karibu hakika ni yule wanayemwita Trioceros johnstoni, ambaye kwao ni milima hii hii ya magharibi, kuanzia Rwenzori kushuka Bwindi mpaka Rwanda, Burundi na Kongo. Jike lake kwa kawaida hana pembe, ndo maana wengi wanadhani ni aina nyingine. Huyu ni wa baridi tangu azaliwe. Kule msituni usiku unashuka mpaka nyuzi 10 hivi na yeye amelala kwenye kitawi, mkia amejiviringisha, rangi imepauka, hana shida yoyote. Anayesikia baridi hapo sebuleni ni wewe.

Tena hiyo baridi ya usiku anaihitaji. Kinyonga hana joto lake mwenyewe la mwili, anafuata joto la mahali alipo, kwa hiyo usiku ukipoa mwili wake unapunguza kasi na anapumzika kweli kweli. Ukimpasha moto usiku kucha mwili unaendelea kufanya kazi kama mchana, anachoka, anakauka maji. Na hiyo taa nyekundu usidhani haioni, anaiona vizuri tu, ina maana huyu mtu hajalala usiku mzima tangu uiwashe, halafu mchana anafumba macho tunashangaa! Wati 250 imetengenezwa kwa ajili ya vifaranga wengi kwenye banda, kwa kinyonga mmoja akipanda juu ya wavu kuifuata anaweza kuungua mgongo na asishtuke mapema, hawa ni wazito kuhisi moto wa karibu.

Angalia kinyesi chake kesho. Ile sehemu nyeupe, ambayo ndo mkojo wenyewe, ikiwa nyeupe safi maji yanamtosha, ikiwa ya chungwa au macho yamezama ndani basi amekauka. Mnyunyizie majani maji kidogo kidogo asubuhi mpaka umwone analamba matone, haendi kunywa kwenye bakuli huyo.

Weusi wa asubuhi peke yake usikutishe. Rangi nyeusi inavuta joto la jua haraka, ndo njia yao ya kujiwasha, akishapata jua anarudi kijani. Ila akibaki mweusi mpaka saa sita mchana, hapo kuna jambo.

Joto analolihitaji ni la mchana wala si la usiku. Mpe sehemu moja ya kuota yenye nyuzi 27 hadi 29, na kwingine kivulini 20 hadi 24, achague mwenyewe. Balbu ya kawaida ya kutoa joto, juu ya wavu, umbali wa sentimita 20 na zaidi kutoka kwenye kitawi anachokalia, inatosha, unaiwasha asubuhi na jioni unazima. Na siku ya jua mtoe nje kwenye kizimba chake, upande mmoja uwe na kivuli, kwa sababu jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halimsaidii mifupa, ile mionzi anayoitaka kioo kinaizuia. Chakula mpe asubuhi mpaka saa sita hivi, si jioni. Akilala na panzi tumboni halafu kukapoa, panzi hasagiki, anabaki anaoza mle ndani.

Usiku wenyewe kazi ni ndogo. Msogeze mbali na dirisha, upepo unaopita majani yake yakiwa bado yana maji ndo unaoleta matatizo kuliko baridi kavu, kwa hiyo maji ya mwisho nyunyiza mapema ili yakauke kabla ya giza. Funika pande tatu za kizimba kwa blanketi, upande mmoja acha apumue, na usimfunge kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, pande zote tafadhali. Nunua kipimajoto chenye waya, kile cha mashine za kutotolesha mayai, Kampala pale Container Village utakipata na hata Kabale maduka ya dawa za mifugo uliza, ile ncha ya waya iweke pale anapolala, si ukutani. Ikisoma 10 na kuendelea lala usingizi wako. Ikishuka chini ya hapo chukua jerikeni ya lita 5, jaza maji ya moto, funga na taulo, iweke nje ya kizimba ubavuni, inapoa taratibu na haihitaji umeme.

Hayo ni ya huyu wa milimani. Mwenye kinyonga wa nyanda za chini, yule mwenye vikunjo vya ngozi nyuma ya kichwa, asimwache chini ya nyuzi 15, na akiishi sehemu kama Kabale atahitaji kile kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga, lazima kiunganishwe na themostati, kile kifaa kinachokizima chenyewe joto likizidi. Mgonjwa pia au mtoto mdogo hawaachwi kwenye baridi kali, hao weka 18 mpaka 20.

Wako mpe siku mbili tatu bila taa ya usiku, giza kamili, maji asubuhi, jua mchana. Macho yakiendelea kufumba, au ukiona anainua kichwa juu na kufungua mdomo ili avute pumzi, mapovu puani, sauti ya kukoroma, hiyo inaweza kuwa nimonia, nayo haiponi kwa joto peke yake, mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo akiwa kwenye boksi lenye matundu. Na kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, uwe nacho, manake huyo kisheria ni mnyamapori hata kama alikuja mwenyewe kwenye ua wako, kama huna anza kwa kuongea nao.