Jibu Lako Kuhusu Kocha Graves

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, nasi huku hatujambo. Umeniuliza habari za Ray Graves, kocha wa zamani wa chuo chenu hapo Florida: iweje mtu aliyecheza futiboli ya Kimarekani ya kulipwa mwaka 1943, vijana wa rika lake wakifa vitani, aenziwe kiasi hicho?

Hakukimbia vita, mwanangu. Sikio lake moja lilikuwa halisikii, jeshi likamwacha. Mwaka ule wachezaji waliadimika hata timu za Philadelphia (Eagles) na Pittsburgh (Steelers) zikalazimika kuungana, watu wakaziita Steagles. Waliobaki walikuwa kama yeye: huyu jicho moja halioni, yule ana vidonda vya tumbo. Kutwa walifanya kazi za kuhudumia vita, jioni ndipo wakaingia mazoezini. Walipokutana na timu ya New York, Giants, walidondosha mpira mara 10, na bado wakashinda 28-14. Mtu wa namna hiyo siwezi kumwita mtoro.

Halafu angalia namba aliyocheza. Alikuwa senta. Senta anainama, anaupitisha mpira katikati ya miguu yake kwenda nyuma, na kabla hajainuka sawasawa ameshavamiwa. Mpira ukifika salama, anayeshangiliwa ni mwingine. Naamini ukocha wake ulianzia hapo.

Alikaa miaka mingi msaidizi wa kocha Bobby Dodd pale chuo cha Georgia Tech, hadi Florida walipomchukua mwaka 1960. Msimu huohuo akamfunga mwalimu wake 18-17. Misimu 10, mechi 70 alizoshinda. Na Dk. Robert Cade, daktari wa chuo hicho cha Florida, alipotaka kujaribu kinywaji chake kwa wachezaji mwaka 1965, Graves alimruhusu aanze na vijana wa mwaka wa kwanza. Ndiyo Gatorade hiyo unayoinunua.

Lipo linaloniuma, nawe ulijue. Karibu miaka yake yote timu ile ilikuwa ya Wazungu watupu. Ni mwishoni kabisa ndipo Leonard George na Willie Jackson, vijana weusi, walipopewa ufadhili wa kuichezea. Wenzako wakikusimulia sifa zake, waulize na hilo.

Ila kwa habari ya vita, mtetee bila wasiwasi.

Mama yako anakusalimu sana, anauliza kama baridi imeanza.

Baba yako