Jellyfin ndani ya nyumba haili bando
Umeuliza kama Jellyfin, programu ya kurusha filamu zako kutoka kompyuta hadi TV au simu, inakula bando. Hapana ndugu, filamu iliyo kwenye kompyuta yako ukiitazama kwenye TV kwa Jellyfin haigusi bando. Data inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye TV, basi. Nje ya nyumba haitoki. Mimi nilichomoa laini kwenye ruta katikati ya filamu na picha haikukatika hata sekunde. Bando linaliwa siku ile unapoipakua filamu, na kidogo Jellyfin inapovuta mabango na maelezo yake. Ila kama unatazamia kwenye simu yenye VPN (programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva ya mbali), izime kwanza au uruhusu mtandao wa ndani kwenye mipangilio yake, maana mara nyingi VPN ikiwa imewaka anwani ya Jellyfin kwenye kompyuta yako, kama 192.168.1.5:8096, haifunguki.